Yoakimu Aliyejitangazia Kifo

Ukishuka stendi ya Katesh ukaulizia fundi redio, watakuonyesha kibanda kimoja kando ya barabara ya Singida na kukuambia, "Nenda kwa Marehemu." Usishtuke. Watu wa pale wamelizoea jina hilo hata hawalisikii tena. Watoto wanaotumwa na mama zao husimama mlangoni na redio ndani ya mfuko wa plastiki, wakasema, "Shikamoo, Marehemu. Mama anauliza hii itapona lini?" Naye anaitikia marahaba, anaipokea redio, anaitikisa sikioni, anawaambia warudi kesho. Hana kinyongo. Jina lake la ubatizo ni Yoakimu, mwana wa mzee Sulle wa Nambis, huko Mbulu, na hilo lingine hakupewa na adui. Alijibandika mwenyewe kwa kiherehere cha ujana, na mpaka leo halijabanduka.

Alikuwa mtoto wa kwanza. Kwa hiyo mama yake, Kornelia, tangu siku ile aliyojifungua aliacha kuitwa Kornelia, akawa Mama Yoakimu, na jina hilo alilipenda kuliko vitenge vyake vyote. Ukimwita Kornelia kisimani hageuki. Mwite Mama Yoakimu, anageuka mzima mzima na ndoo yake kichwani. Na kijana mwenyewe alikuwa na sauti, jamani! Kwaya ikianza kanisani, watu wa viti vya nyuma walinyoosha shingo wamwone anayeimba, na mama alijifanya anatafuta kitu kwenye mkoba ili wasimwone anavyotabasamu. Ila jembe lilimshinda Yoakimu. Mikono yake ilitaka nyaya na skrubu. Alipalilia maharage misimu kadhaa baada ya darasa la saba, akanuna, akaaga. Mzee Sulle alimwambia, "Nenda, lakini usisahau njia." Mama akamfungashia viazi vya kuchemsha, akamsindikiza mpaka barabarani.

Hiyo ilikuwa miaka ya soko huria. Mambo yalikuwa yamefunguliwa. Mitumba ilijaa mnadani, redio za bei rahisi zilipangwa chini kama nyanya, na kule Arusha walikuwa wameanzisha stesheni mpya ya redio iliyopiga muziki wa vijana kutwa nzima. Katesh, Yoakimu alipanga chumba Jorodom, chini ya mlima Hanang, akapata kazi kwenye kibanda cha kurekodi kanda. Mteja analeta kanda tupu, anataja nyimbo anazotaka, jioni anakuja kuchukua. Kazi ya kukaa na masikio wazi. Humo ndimo alimokutana na Rogers, mwalimu wa hesabu aliyeletwa na serikali kutoka mkoa mwingine, mwenye gita la umeme na hasira na dunia nzima.

Rogers ndiye aliyekuwa na mkanda wa video. Humo ndani Wazungu fulani walijipaka rangi nyusoni, wakatema damu ya bandia, wakatoka kaburini na magita, na vijana maelfu wakawashangilia. Yoakimu aliutazama mkanda ule mpaka ukaanza kukwaruza. "Hawa hawaimbi vizuri kuliko mimi," akasema. "Ila wamejua kumshtua mtu." Rogers akacheka, akamwambia basi na wao wamshtue mtu.

Wakaanzisha bendi, wakaiita Sanda. Ndiyo, Sanda, kitambaa cha kuzikia. Walijifunga shuka nyeupe, wakajipaka majivu ya jikoni usoni mpaka macho yakabaki mashimo. Jeneza walitengenezewa na seremala wa pale pale Katesh, ambaye alidhani kuna msiba wa kweli, akawapa pole na kuwapunguzia. Usiku wa dansi ukumbi ulizimwa taa, jeneza likabebwa mpaka jukwaani, ngoma ikapigwa polepole, kisha kifuniko kikaruka na Yoakimu akainuka akiimba. Siku ya kwanza wanawake walipiga mayowe na watu wakatorokea madirishani. Wiki iliyofuata walewale walirudi wakiwa na wenzao. Katekista aliwasema kanisani, mtendaji wa kata akawaita ofisini na kuwauliza kama wana akili timamu. Wakafurahi! Kijana akigombezwa na wakubwa wawili ndani ya wiki moja, hujiona amekuwa mtu.

Mtu wa tatu wa bendi alikuwa Kissa, binti wa Tukuyu, nesi kijana kwenye zahanati. Yeye hakupaka majivu. Alikuwa na sauti ya kutangaza, tulivu, nzito kidogo, unaweza kuapa umeisikia redioni. Na sauti hiyo ndiyo iliyompa Yoakimu wazo la wimbo wao wa kwanza wa kurekodi.

Kila mtu anajua matangazo ya vifo redioni. Nchi nzima ilikuwa inanyamaza kuyasikiliza. Yoakimu alitaka wimbo uanze hivyo hivyo, bila ala, Kissa akisoma tangazo kwa utulivu wote, kisha kimya kidogo, kisha gita lipasuke na marehemu mwenyewe apaze sauti, "Nani kasema nimekufa?" Hapo watu waruke wacheze. Wimbo wakauita Tangazo.

"Tuweke jina la kubuni," Rogers alisema.

"Jina la kubuni halimshtui mtu. Weka langu."

Kissa aliweka karatasi chini. "Kaka Yoakimu, kwetu kitu hiki hakichezewi. Mama yako akisikia?"

"Mama asikilize muziki wa vijana? Nyumbani hata redio hatuna, dada. Soma."

Kissa akasoma. Alisoma vizuri mno, maskini. "Bwana Sulle wa Nambis, Mbulu, anasikitika kutangaza kifo cha mwanae mpendwa, Yoakimu, kilichotokea Katesh kwa kusombwa na maji ya mlimani. Mwili haujapatikana. Habari ziwafikie ndugu na jamaa popote walipo." Walirekodi Arusha, kwenye chumba kilichobandikwa trei za mayai ukutani, na fundi mitambo alipousikia mwanzo ule alijisugua mikono, akasema nywele zimemsimama. Wakapongezana. Kanda wakaipeleka kwenye stesheni ile mpya, wakarudi Katesh kungoja umaarufu.

Kilichowafikia kwanza ni mvua. Zile mvua za El Niño zilizong'oa madaraja na kumeza barabara. Basotu kulijaa maji, Dongobesh magari yalizama matope mpaka milangoni. Mlima ukawa unanguruma maji usiku na mchana. Mtu wa Katesh hakwenda Mbulu, wala mtu wa Mbulu hakuja Katesh. Ni redio tu iliyokuwa inapita juu ya matope yote hayo.

Na pale Nambis palikuwa na redio moja ya uhakika, ya mzee Herman, jirani wa kina Sulle. Kwa kuwa Nambis ni juu, ilishika Arusha vizuri. Lakini betri! Betri zilikuwa ghali na duka liko mbali, kwa hiyo mzee Herman alizilea kama vifaranga: mchana alizianika juani, siku za mvua aliziweka karibu na jiko, na redio iliwashwa kwa shughuli moja tu, matangazo ya vifo ya jioni. Majirani walikuja, wakakaa kwenye magogo, wakasikiliza nani kafa na anazikwa wapi. Tangazo la mwisho likiisha, mzee alikata. Muziki? Muziki unakula betri. Pale Nambis hakuna aliyewahi kusikia muziki kwenye redio ya Herman.

Jioni ile matangazo yalikuwa machache. Yakaisha. Na mtangazaji wa stesheni ile, kijana mwenye masihara yasiyo na breki, akaona ni utani mzuri kuupachika wimbo mpya papo hapo, bila kusema neno. Sauti ya Kissa ikatoka. Bwana Sulle wa Nambis, Mbulu, anasikitika kutangaza. Mzee Sulle mwenyewe alikuwa amekaa kwenye gogo, kofia magotini. Hakuuliza ni lini alitangaza. Kila mtu alijua kuwa mvua ikikata barabara, ndugu aliye karibu na redio ndiye anayetangaza kwa jina la baba. Habari ziwafikie ndugu na jamaa popote walipo, ikasema ile sauti, ikanyamaza. Mzee Herman alinyoosha mkono akazima redio. Aliizima kwa heshima ya mfiwa. Na kwa ajili ya betri pia, tusidanganyane. Angeiacha kidogo tu, pumzi mbili, wangemsikia Yoakimu akipiga kelele kwamba hajafa.

Kornelia, akiwa jikoni, alisikia yowe la mume wake. Hakuuliza nani. Alitoka nje kwenye mvua, akakaa chini kwenye tope, na hapo ndipo walipomkuta.

Walilia kama wanavyolia watu. Walingoja mwili, labda utaonekana, labda mtu atapenya na habari. Hakupenya mtu. Nyumba haiwezi kukaa na msiba usio na kaburi, wazee wakakaa kikao, wakaamua lizikwe gogo la mgomba. Wakalikata kwa urefu wa kijana, wakalivika sanda, katekista akasali, wakalishusha kaburini upande wa chini wa nyumba na kusimika msalaba wenye jina. Kornelia alinyolewa nywele. Kwa Wairaqw, nyumba iliyofiwa kijana hukaa kando kwa muda. Haipeani mikono na majirani wala haichoti maji kisima kimoja nao. Metimani, ndivyo inavyoitwa. Kanisa limeipunguza makali lakini halijaimaliza. Kornelia aliifuata yote, akalala chini, akala kidogo anachopewa. Na polepole, kwa uchungu ambao hakuna mwanamume atakayeuelewa, akaanza kukubali kwamba mtoto wake hayupo.

Yoakimu? Yoakimu alikuwa anatamba. Wimbo ulikuwa unapigwa stesheni ile karibu kila usiku, saa za muziki, vijana wa stendi walimwita Marehemu na kumnunulia soda. Hadi siku ya mnada, barabara zikiwa zimeanza kupitika, mtu mmoja wa Dongobesh aliyemfahamu tangu utotoni alipita mbele ya kibanda, akamwona, akaangusha gunia la vitunguu na kutimua mbio. Yoakimu alicheka. Ndiyo, alicheka, tusimfiche. Alimkimbilia nyuma huku anacheka, akamshika shati. Yule mtu alipoweza kusema, akamwambia, "Wewe tumekuzika." Akamweleza gogo, msalaba, na nywele za mama yake. Watu waliokuwepo wanasema kicheko kilimtoka usoni polepole, mdomo ukabaki wazi.

Aliondoka siku hiyohiyo. Lori, kisha trekta, kisha miguu. Alifika Nambis alasiri, na kila alipopita milango ilifungwa. Mzee Herman alimwona, akaingia ndani akajifungia na redio yake. Baba yake alikuwa zizini. Mzee Sulle alimtazama mwanawe muda mrefu, akamsogelea, akamgusa shavu kwa kidole kimoja, akampiga kofi la nguvu, kisha akamkumbatia na kulia kwa sauti. Huyo alikuwa baba. Baba alirudishiwa mtoto, akamchukua bila kuuliza bei.

Kornelia alikuja mpaka mlangoni. Kichwa kilikuwa kipara, macho yamezama.

"Shikamoo, Ayo," Yoakimu akasema. Ayo ndiyo mama kwa Kiiraqw.

Hakuitikia.

"Ayo, ni mimi. Sijafa. Ulikuwa wimbo tu."

"Wimbo?"

"Wimbo, mama. Wa bendi yetu. Baada ya tangazo mimi mwenyewe nasema sijafa. Mlizima mapema."

Kornelia alishika mwimo wa mlango. "Uimbe."

"Mama..."

"Nimesema uimbe. Nisikie kilichoniua."

Yoakimu akaimba. Pale uani, mbele ya baba yake na mdogo wake Justina na kuku, akasoma tangazo lile lote, kisha akaimba sehemu ya furaha, ile ya kuruka. Sauti ilikuwa ileile ya kwaya. 

"Hapo watu wanafanya nini?" mama akauliza.

"Wanacheza."

"Wanacheza." Alitikisa kichwa kidogo. "Mimi niko chini, nimenyolewa, nakunywa maji ya mvua kwa sababu kisima ni marufuku, na watu wanacheza. Sikia, kijana. Mwanangu Yoakimu alikuwa na huruma. Asingeweza kunitangazia kifo chake mwenyewe. Yule nimemlilia machozi yote, sina mengine. Amelala pale chini. Wewe sikujui." Akarudi ndani.

Watu walisema ni mshtuko, utapita. Haukupita. Wazee walisema kuna dawa: achinjwe kondoo, gogo lifukuliwe, na mama asimame penye kaburi amwite mwanawe kwa jina, naye aitikie akiwa nje. Akishaitwa na aliyemzaa, amerudi. Kondoo alitafutwa, mweupe, hana kilema. Watu wakakusanyika. Kornelia akakataa kutoka ndani. Mume wake alimsihi, katekista alimsihi, Justina alipiga magoti. "Niite jina la mwanangu kwa ajili ya mzaha wa mtu?" alisema. "Na huyo mliyemzika, mtamwambia nini?" Kondoo akarudishwa kundini. Bila mama hakuna aliyethubutu kugusa kaburi.

Kuanzia hapo Yoakimu hakuwa na haja nyingine duniani. Mwite mchoyo, mwite mpumbavu, sawa, lakini hilo lilikuwa la kweli: alitaka mama yake amwite jina. Jeneza alilivunja kwa shoka, mbao akapikia chai. Kanda za Tangazo alizikusanya kila alipoziona akazichoma, ingawa huwezi kuzichoma zilizo majumbani mwa watu. Bendi ikafa. Rogers akahamishwa, Kissa naye akahamishiwa hospitali moja upande wa Mbulu. Yoakimu akabaki na kibanda, akageuka fundi redio. Wengine walisema amechagua redio ili ajiadhibu. Yeye alisema ndiyo kazi anayoijua.

Kila Krismasi alikwenda Nambis. Alipanda, alipiga hodi, alisema, "Shikamoo, Ayo." Kimya. Usidhani mama alimfukuza. Hapana! Alimkaribisha kama anavyokaribishwa mgeni, akampa kiti kizuri na sahani ya wageni, ile yenye maua, na kumwuliza Justina, "Mgeni ameshiba?" Hiyo sahani yenye maua ndiyo iliyomtesa. Utotoni alikula kwenye bakuli la bati lililobonyea ubavuni. Alikuwa analiona pale ukutani, limetundikwa, limesuguliwa linang'aa, na hakuna aliyelitumia. Na majirani wakijisahau wakamwita Kornelia kwa lile jina la Mama Yoakimu, aliwasahihisha. "Mama Justina," alisema.

Mzee Sulle alipofariki, mambo yalikuwa hayohayo. Yoakimu alibeba jeneza la baba yake upande wa mbele, akatupa udongo wa kwanza, na watu walipopanga mstari wa kuwapa pole wafiwa, mama alimpa mkono kwa vidole vya baridi na kumwambia, "Asante kwa kuja." Mtoto wa kuzaa mwenyewe! 

Halafu ukaja mkoa mpya. Manyara ikakatwa kutoka Arusha, Babati ikawa makao makuu, pakawa na sherehe na mabango kila mahali. Vijana wa Katesh walimfuata Yoakimu, wakamwambia, "Marehemu, utuimbie Tangazo siku ya sherehe, mkoa umefufuka na wewe umefufuka." Aliwatazama mpaka wakaondoka wenyewe. Hata hivyo siku hiyo mtu aliipiga kanda kwenye spika kubwa pale uwanjani, na Yoakimu akaisikia akiwa kibandani amekaa na bisibisi mkononi: Bwana Sulle wa Nambis anasikitika kutangaza. Baba yake alikuwa ameshazikwa, na bado anasikitika.

Msimu wa kiangazi uliofuata, simu ikapigwa duka la jirani, akaitwa mbio. Alikuwa Kissa.

"Kaka, mama yako yuko wodini kwangu. Mapafu. Justina hajui nimekupigia. Njoo sasa hivi, usingoje basi."

Hakungoja. Alipanda juu ya lori la ng'ombe mpaka njia panda, akadandia lingine lenye saruji. Barabara ilikuwa vumbi tupu. Aliposhuka hospitalini asubuhi alikuwa mweupe kuanzia kope mpaka viatu, na Kissa alipomwona mlangoni alirudi hatua nyuma, akashika mdomo. Alifanana kabisa na Yoakimu wa jukwaani. "Nawa uso kwanza," akasema. Lakini kutoka kitanda cha mwisho, karibu na dirisha, sauti ikaita.

"Yoakimu!"

Aligeuka. Mama yake alikuwa amefunikwa shuka nyeupe mpaka shingoni, mdogo, amekwisha, nywele zake zimekuwa nyeupe. Alikuwa anatabasamu. Alikuwa anamtabasamia yeye.

"Yoakimu, mwanangu," akasema tena kwa Kiiraqw. "Umekuja kunipokea."

Alifika kitandani akapiga magoti. "Shikamoo, Ayo."

"Marahaba, mwanangu. Marahaba. Marahaba." Aliisema na kuisema, kama anayelipia salamu zote za nyuma. Akamgusa vumbi shavuni. "Umeningoja sana?"

Hapo ndipo Yoakimu alipoelewa mama yake anaongea na nani. Alimtazama Kissa. Kissa, aliyekwisha kujifunza Kiiraqw wodini, alikuwa amesimama miguuni pa kitanda, machozi yanamtiririka, na alimwambia kwa sauti ya chini, kwa Kiswahili, "Homa imempanda. Anadhani ameshafika. Ukimwambia mko hai wote wawili, sijui atakuonaje."

Ah, yeye alijua atakavyomwona. Ile sahani yenye maua.

"Nimekungoja sana, Ayo," akasema.

"Baba yako yuko wapi?"

"Amepeleka ng'ombe kunywa maji. Anakuja."

"Huku pia kuna ng'ombe?"

"Wapo wengi."

Kornelia alifurahi kusikia hivyo. Alipumua kwa shida kidogo, kisha akamshika mkono. "Yale maji. Yalipokuchukua, uliumia?"

"Hapana, mama. Yalikuwa ya haraka. Sikuumia."

"Nililala nikiwaza hilo tu. Kwamba uliniita nisikusikie." Halafu uso wake ukakunjamana, akawa kama mtu aliyekumbuka kitu alichoacha jikoni. "Yoakimu. Kule duniani alikuwa anakuja mtu mwenye sura yako. Kila Krismasi. Alinisalimia vizuri. Nilimpa chakula, lakini sikumwitikia. Niliogopa nikimwitikia wewe utaona nimekusahau." Macho yake yalimng'ang'ania. "Nilifanya vibaya?"

Kissa aligeukia ukutani.

"Hapana, Ayo," Yoakimu akasema. "Hukufanya vibaya. Yule mtu alishiba. Hana neno na wewe."

"Alikuwa mpole," mama akasema. "Maskini, alikuwa mpole sana." Akamwomba amwimbie, sio ule wimbo, wa kanisani, naye akamwimbia kwa sauti ndogo ili asisumbue wagonjwa wengine. Mchana ule mama hakuumaliza.

Alizikwa Nambis. Alikuwa amemwagiza Justina zamani: awekwe kando ya Yoakimu wake, si kando ya mume. Basi kaburi likachimbwa upande wa chini wa nyumba, ubavu kwa ubavu na lile la mgomba, na Yoakimu akachimba na wenzake, jembe lake likipita karibu na msalaba wenye jina lake.

Watu walipokwisha kufukia, mzee Herman, ambaye sasa anatembelea fimbo, alimvuta pembeni. Alisema amesikia kwa nesi kwamba Kornelia alimwita mwanawe kwa jina, waziwazi, tena zaidi ya mara moja, na kumwitikia salamu. "Kama ni kweli, basi ameshakuita," alisema. "Sharti limetimia. Kondoo yupo, wazee wapo. Tufukue lile gogo leo, urudi nyumbani."

Yoakimu alitazama makaburi mawili yaliyolala pamoja. Alifuta udongo mikononi.

"Liacheni, mzee," akasema. "Aliniita nikiwa humo."